Nilipanda Usambara kutafuta wa kunitetea

ALHAMISI

Saa 11 na nusu alfajiri niko stendi ya Magufuli pale Mbezi, begi moja mgongoni na bahasha ya kaki mkononi, sikutaka hata kuiweka kwenye buti la basi isije ikapotea. Ndani ya hiyo bahasha kuna kurasa nne za hesabu nilizochapa mwenyewe ofisini, kodi ya nyumba aliyoacha marehemu baba, mwezi kwa mwezi tangu amefariki 2022, na kila mwezi ambao kaka yangu hajanipa hata senti nimeupaka rangi nyekundu. Mi ni mhasibu, ndo kazi inayonilisha, na kusema ukweli ile karatasi ilikuwa imetoka vizuri mno.

Nisidanganye mtu kwamba nilienda milimani kumtafuta Mungu. Kuna kikao cha ukoo kinakuja na kwenye ukoo wetu ni mtu mmoja tu akikohoa kaka yangu ananyamaza, shangazi, dada yake baba, anaishi huko juu kabisa njia ya kwenda Mtae. Nilitaka aione ile rangi nyekundu kabla ya kaka hajamfikia. Basi.

Chalinze, Segera, Korogwe, hakuna cha kusimulia, nililala mdomo wazi mpaka jirani yangu akanigusa tumefika Mombo. Hapo ndo safari inapoanza kwa kweli, unaacha joto la bonde na mkonge, basi linakunja kulia linaanza kupanda kilomita 33 za kona mpaka Lushoto, barabara nyembamba, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, ukifika Soni unaona maji yanaporomoka kwenye mawe na watoto wamekaa wanauza mapeasi kwenye ndoo ndogo. Marehemu baba alikuwa anasema hizo kona alizihesabu siku anashuka kwenda Dar kutafuta kazi na alipofika Mombo alikuwa ameshatapika namba zote. Mi sijawahi kuzihesabu.

Lushoto mjini nikabadilisha gari. Mji wenyewe Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na baridi yake inakuingia kwenye masikio kwanza. Basi dogo la kuelekea Mtae linaondoka likishajaa, na kujaa kwao siyo kujaa kwetu, nilikaa na kuku miguuni, mtoto wa mtu mapajani na gunia la mbolea mgongoni. Vumbi, halafu matope, halafu vumbi tena. Nilifika saa 2 usiku.

Shangazi alikuwa kasimama barabarani na tochi. "Karibu mama," ananiita mama maana mi ndo nimebeba jina la mama yake. Nikampa pole na salamu zote za Dar, na kabla hata sijavua viatu nikamkabidhi bahasha. Akaipima mkononi kama mtu anayepima nyama, akaiweka juu ya kabati, akaikandamiza na kopo la sukari.

"Kula kwanza."

Magimbi na maharage. Nikala, nikasubiri, akaenda kulala.

IJUMAA

Hakuna kitu kibaya kama kuamka asubuhi umejipanga kuongea jambo zito halafu mwenyeji wako yuko shamba tangu saa 12. Nikamfuata. Shamba lenyewe limesimama kama ukuta, matuta yamekatwa mlima mzima, kabichi, karoti, hoho, viazi, vyote hivyo vinashuka kwenda kuliwa na sisi Dar, na mi miaka yote nanunua kabichi la elfu mbili nikilalamika sijawahi kufikiria kwamba kuna mtu amelibeba kichwani kwenye mteremko ambao mimi nautembea nimeshika majani.

Nikamwambia shangazi nimekuja kwa ajili ya lile jambo la nyumba. Akasema najua. Nikasema basi tuliongee. Akasema, "Jumapili, tukitoka kanisani." Nikamwambia shangazi Jumatatu naondoka. Akasema Jumapili iko kabla ya Jumatatu.

Sasa kwa kuniliwaza akanipeleka mchana ukingoni, mahali ambapo wageni wa mjini huwa wanapelekwa kupiga picha. Kule chini ni tambarare za Mkomazi, na wanasema siku ikiwa safi unauona hadi Kilimanjaro. Mi niliona ukungu. Mweupe kabisa, kama mtu ametandika shuka mbele ya uso wako, tukakaa pale nusu saa na simu yangu mkononi tayari kwa picha. Shangazi anafuma tu. Nikamuuliza wewe ukija hapa huwa unaangalia nini, akacheka, "Mwanangu mimi hapa huwa sijagi. Magoti."

Jioni nikapanda mpaka karibu na msikiti ndo mtandao unapatikana. Nusu ya ukoo wetu huku ni Waislamu, nusu ni Walutheri, na kwenye harusi hakuna anayekumbuka tofauti mpaka wakati wa kuomba dua ya chakula. Mesiji 41 za kazini. Na moja ya kaka, "Uko wapi mbona hupatikani." Sikujibu. Nikasema moyoni ngoja, utanijua tu.

JUMAMOSI

Shangazi ni mzee wa kanisa, na huku hicho cheo maana yake kubwa ni kwamba Jumamosi unafagia. Akanipa ndoo.

Kanisa lenyewe, jamani. Nilivyozoea usharika wetu wa Dar, ibada tatu, spika ukutani, skrini ya nyimbo, walinzi wa parking. Hili ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, mabati yenye kutu, madirisha sita ambayo mawili yana vioo. Benchi kumi na nne. Kengele ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mkaratusi. Siyo usharika hata, ni mtaa, yaani tawi dogo la usharika, mchungaji anakuja kwa zamu kuleta chakula cha Bwana na kubatiza, Jumapili nyingine zote anashika mwinjilisti. Nikamwona mwinjilisti amelala chini ya benchi anagongomea mguu, suruali imejaa udongo, nikadhani fundi, nikamwagiza maji. Akaenda kuchota. Alivyorudi ndo shangazi akanitambulisha, nikatamani ile sakafu ifunguke.

Yeye hata hakujali. Anajua historia ya hapo vizuri sana huyu baba, alinihadithia tukiwa tunapiga deki, kwamba wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Mlalo 1891, na kutoka hapo neno likawa linatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na waliolitembeza zaidi siyo Wazungu bali Wasambaa wenyewe, walimu na wainjilisti waliokuwa wanalipwa kidogo au hawalipwi. Kanisa letu lote la Kilutheri, KKKT, lilivyoungana 1963 kutoka makanisa saba huku milimani tayari kulikuwa na wajukuu wa wabatizwa wa kwanza. "Kwa hiyo wewe dada," akasema, "umezaliwa kwenye nyumba ambayo wenzako walikuwa wameshaijenga."

Hiyo nyumba ikanikumbusha nyumba yangu. Nikamwaga yote. Nilimwelezea mpangilio mzuri kabisa, kodi, miezi, wapangaji wawili, kaka anavyokusanya na kukaa kimya, kaka anavyokunywa, mimi nilivyotuma hela wakati baba mgonjwa, M-Pesa zote ninazo, jumla ni 3,150,000, siyo kidogo hiyo. Nilikuwa namwandaa, maana nilishaanza kuwaza huyu naye akisema neno kwa shangazi litasaidia.

Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Halafu akaniuliza kama nimeshamwambia Mungu. Nikasema ndio baba, kila siku naombea hilo jambo.

"Hapana, kuomba umeomba. Nauliza umemsimulia? Kama ulivyonisimulia mimi, toka mwanzo, kwa sauti."

Nikasema sijawahi.

"Basi leo usiku msimulie. Ila mimi nilikuwa sijui kitu, ndo maana umenisimulia vizuri. Yeye alikuwepo."

Akarudi kugongomea benchi lake. Mi nikaona kama vile kanipa jibu la kichungaji tu, yale ya kukuondoa mlangoni, nikamalizia deki.

Usiku. Shangazi kalala, mvua inagonga bati, sina mtandao sina chaji. Nikasema isiwe tabu, nijaribu. Nikakaa kitandani na blanketi mbili nikaanza kwa sauti ya chini, Bwana, baba alipopata kiharusi 2021 mimi nilituma laki mbili siku ile ile. Hapo sawa. Kila mwezi nikatuma. Sawa. Na kaka alikuwa anakaa na mzee pale nyumbani. Nikasimama. Kwa mwinjilisti pale mchana hiyo sentensi niliipita kama mtu anayepita kwenye geti la jirani, na kaka alikuwa anakaa na mzee, mbele. Sasa usiku ikagoma kupita. Kwa sababu huyu ninayemsimulia alikuwepo. Alikuwepo miezi kumi na nne. Alimwona kaka akimgeuza mzee saa 8 za usiku asipate vidonda, akimwogesha, akiacha kibanda chake cha kuchomelea mageti mpaka wateja wakahamia kwa mtu mwingine. Mimi kipindi chote hicho nilikwenda mara nne, na mara moja kati ya hizo nilikaa masaa mawili kwa sababu nilikuwa na kikao.

Kwenye jedwali langu lile kuna safu ya tarehe, safu ya kiasi, safu ya salio. Hakuna safu ya kumgeuza mzee usiku.

Na kaka anakunywa kweli. Hilo nalo alikuwepo akiliona, sikulifuta, nililisema na lenyewe. Na kodi hajanigawia kweli. Sijui nieleze vipi, siyo kwamba ghafla kaka akawa na haki mimi nikawa na makosa, ila ile stori yangu ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula na sasa haikunyooka tena. Nililia kidogo. Baridi nayo ilichangia.

JUMAPILI

Rimu imegongwa mara ya kwanza saa 2, mara ya pili saa 3, na watu wanafika wakati wanafika. Akina mama na kanga za heshima, wazee na makoti ambayo nadhani yameshuhudia Azimio la Arusha, watoto mbele kabisa wamekaa kwenye mkeka. Kwaya ya watu tisa na ngoma moja, hakuna kinanda, lakini ile sauti ya nne ya wanaume huko nyuma ilikuwa inatetemesha benchi. Liturgia ni ile ile ninayoijua, nikajikuta naifuata bila kitabu, sema mahali pengine wanachomeka Kisambaa na mi Kisambaa changu ni cha kusalimia na kuombea maji tu.

Somo lilikuwa Samweli wa kwanza 16, Samweli anatumwa nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mpya. Nikasema aah, hili nalijua, Daudi mdogo, Mungu haangalii sura ya nje anaangalia moyo, tumeshahubiriwa tangu shule ya Jumapili. Mwinjilisti leo kavaa koti na tai. Akasoma, akafunga Biblia, akakaa kimya kidogo halafu akasema leo simhubiri Daudi, namhubiri Samweli.

Akasema, Samweli siyo mtu wa kawaida, amelelewa hekaluni, ameisikia sauti ya Mungu tangu mtoto, amezeeka kwenye kazi hiyo. Na bado alivyomwona Eliabu tu, mrefu, kifua kipana, akasema moyoni huyu ndiye. Nabii mzima. Kwa nini? Akachukua chupa ya maji akaishika kama ile pembe ya mafuta ya Samweli, akaiinamisha. "Pembe ilikuwa imeshainama. Mafuta yanataka kumwagika. Ukifika mahali na pembe yako imeshainama, yeyote atakayesimama mbele yako utammwagia." Na hapo mi nikawaza bahasha ya kaki chini ya kopo la sukari.

Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kukisikia kikisisitizwa. Watoto saba walipita, wote wakakataliwa. Samweli angeweza kusema labda sikusikia vizuri, ngoja nirudie kwa Eliabu. Badala yake akamuuliza mzee Yese, watoto wako wote ndo hawa? Yuko mmoja, mdogo, yuko na kondoo. Na Samweli akasema hatuketi mpaka aje. Chakula kiko pale, wageni wako pale, wazee wa mji wako pale, wanasimama kumsubiri mtoto anayenuka kondoo. "Mkitaka kujua Mungu anaonaje jambo," akasema, "muulize kwanza nani hayupo hapa." Dakika kumi na tano, amemaliza. Dar tungekuwa bado kwenye utangulizi.

Matangazo. Hapa nilifurahi kitaaluma. Jumapili iliyopita tulikuwa watu 47, wanaume 11, wanawake 21, watoto 15, sadaka shilingi 28,450. Wanasoma mpaka hiyo hamsini ya mwisho! Nani amelazwa, nani amefiwa, zamu ya kufagia, mabati ya nyuma yanahitaji misumari.

Kisha tukatoka nje kwenye mnada. Kwa asiyejua, kwenye makanisa yetu asiye na hela analeta mazao, na baada ya ibada yanauzwa pale pale kwa wenzake. Mkungu wa ndizi, viazi ndoo, jogoo mwenye hasira. Na yai moja. Bibi mmoja amelileta kwenye kitambaa, yai moja tu. Dalali, kijana wa kwaya, akalinyanyua juu kama dhahabu, mia tano! Mia tano mara ya kwanza! Mtu akanunua kwa 700 halafu akasema nalirudisha mezani, likauzwa tena 1,000, likarudishwa, 1,500, watu wanacheka, bibi mwenyewe anacheka kashika mdomo. Mkaguzi aliyeko ndani yangu alikuwa anahangaika, hili yai tunaliandika mara ngapi kwenye kitabu? Nikajikuta nimenyoosha mkono, elfu tatu. Likawa langu. Sikujua kama natakiwa kurudisha au kukaa nalo, watu wote wananiangalia, nikampelekea yule bibi. Akalifunga kwenye kitambaa chake akaenda nalo nyumbani.

Mchana tumekula, vyombo vimeoshwa, shangazi akakaa. "Haya mama, lete maneno."

Nikasema shangazi sijui tena nianzie wapi. Akasema anza popote. Nikanyanyuka nikatoa kopo la sukari nikashusha bahasha, na nyuma yake, chini ya kopo la chumvi, nikaona daftari la mraba, lile la wanafunzi, limekunjwa katikati. Mwandiko wa juu naufahamu hata gizani. Jina la kaka.

"Alikuja mwezi uliopita," shangazi akasema. "Na yeye alikuwa na haraka."

Nikamuuliza umelisoma? Akasema miwani yake imevunjika tangu Pasaka. Kimya. Nikamwambia nitamletea miwani. Akasema asante, ila asiharakishiwe, ataivaa kikao kikishaisha. "Nitakuja huko Dar. Nitakaa katikati yenu. Lakini hivi," akagusa bahasha, akagusa daftari, "nimewatunzia tu. Hilo la kaka yako mpelekee."

Hakuniambia kaka yuko sahihi, hakuniambia mimi niko sahihi. Akaniuliza kama nakumbuka baba alivyokuwa anatapika kwenye zile kona.

JUMATATU

Saa 10 alfajiri, giza, basi la kwanza linapiga honi kijiji kizima kiamke. Shangazi kanipakilia viazi ndoo nzima nimekataa kaongeza na karoti. Mwinjilisti nilimwona njiani na jembe begani, nikampungia, sijui kama alijua ni mimi.

Bahasha nimeiacha kule juu. Daftari ninalo kwenye begi. Kutoka pale mpaka Lushoto nimelishika mara tatu, mara moja nililitoa kabisa nikaliweka mapajani, jalada lina doa la chai na namba ya simu ya duka la dawa. Nikalirudisha. Siyo utakatifu, niliogopa.

Soni nikanunua mapeasi ndoo ndogo mbili. Kona za kushuka nikajaribu kuzihesabu nikapotea kwenye thelathini na kitu kwa sababu mama wa siti ya mbele alikuwa anashuka na mizigo ikabidi tusaidiane.

Mombo mtandao ukarudi wote kwa pamoja, simu ikatetemeka kama ina malaria. Nikampigia kaka kabla sijasoma ya kazini. Akapokea mlio wa kwanza.

"Uko wapi wewe?"

"Mombo. Natoka kwa shangazi."

Akanyamaza. Nasikia mashine ya kuchomelea huko nyuma, kumbe ameshaanza tena kazi, sikuwa najua.

"Nimekubebea mapeasi," nikasema. "Na daftari lako."

"Umelisoma?"

"Sijalisoma."

"Shangazi je?"

"Miwani imevunjika tangu Pasaka."

Nikasikia kitu kama kikohozi, halafu nikagundua anacheka, na mi nikaanza, mpaka kondakta akanigeukia. Akaniuliza mapeasi ni yale magumu au yameshaiva, nikamwambia mchanganyiko, akasema yale magumu usimpe mtu mwingine.